Ukuta wa Spana

Baba yangu alikuwa hawezi kuona spana imelala chini. Ungeweza kumchelewesha, ungeweza kumdanganya kwamba gari limezimika lenyewe kumbe umeliendesha bila oili, angekusamehe. Lakini uache spana sakafuni? Weee! Angesimamisha kazi yote, akaiokota, akaifuta kwa kitambaa, kisha akakuuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Kwani hii haina kwao?"

Kila kitu katika gereji ile kilikuwa na kwao. Ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Pasiansi hapa Mwanza, imebanwa kati ya mawe mawili makubwa, mgongo wake umeelekea ziwani. Ukuta wa kushoto ulikuwa mweupe, na juu ya weupe huo baba alikuwa amechora umbo la kila kifaa alichonacho: nyundo, plaizi, bisibisi, misumeno, na spana zote, kuanzia zile ndogo za kufungia betri mpaka zile za kufungia magurudumu ya lori. Alitumia rangi ya kijani iliyobaki alipopaka basi la mtu. Juu ya kila umbo palikuwa na msumari. Ukitoa spana, kijani kinabaki kinakutazama mpaka uirudishe. Baba hakuhitaji kusoma namba. Alikuwa anarudisha vifaa huku anapiga soga na mteja, hata hageuki kuangalia.

Spana namba kumi na saba nilichora mimi. Nilikuwa sijaanza shule. Aliishikilia ukutani, chini kabisa pembeni ninapofika, akanipa brashi niizungushe. Mkono ukateleza, shingo ya spana ikapinda. Nikaangua kilio. Mama akasema pafutwe pachorwe upya.

"Pafutwe kwa nini?" baba akasema. "Hapa amechora mwanangu."

Pakabaki hivyo miaka yote, na hakuna mteja aliyeondoka bila kuonyeshwa. Baadaye nilisomea ubunifu, nikachora vyumba na samani za watu huko Dar es Salaam, lakini mchoro wangu wa kwanza kutundikwa mahali ni ule. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanitetea. Sikuwa mgeni pale. Nilijua ule ukuta ni nini, na nikaufanyia nilichoufanyia.

Baba alianza kupotea miaka michache iliyopita. Sisemi kupotea njia, alikuwa anapotea akiwa amekaa. Atatia chumvi kwenye chai, atavaa makoti mawili, atakuuliza jambo moja mara nne kabla sahani ya ugali haijaisha. Gari la mwisho alilotengeneza alilirudisha kwa mwenyewe likiwa na breki zimefungwa kinyume, bahati tu mwenyewe akagundua kabla hajatoka getini. Baada ya hapo tukawaambia watu fundi amestaafu. Daktari alituambia hakuna dawa ya kumrudisha alikotoka, ila tumwache afanye kwa mikono yale aliyoyazoea, maana mikono inachelewa kusahau.

Basi kila asubuhi, akishamaliza chai yake na michembe ya viazi vitamu, alikuwa anakwenda gerejini. Anashusha spana zote, anazifuta kwa kitambaa chenye dizeli, anazirudisha. Sebuleni aliweza kunitazama usoni akaniuliza nimetokea wapi na kama nimeshakula. Gerejini hakunikosea hata siku moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeamka salama?" Na jina langu analitaja, kamili. "Haya, nipe hiyo kumi na saba yako."

Mama aliliona hilo kabla yangu. "Huko ndiko anakokujulia," aliniambia. "Ukimtaka baba yako, mfuate huko." Nilimsikia. Nilidhani anasema kwa huzuni zake tu, kama mama anavyosema mambo.

Mimi nilikuwa nimerudi Mwanza baada ya ofisi yetu ya Dar kufungwa. Nilirudi na kompyuta, mabomba ya kubebea michoro, na hasira. Miaka yote nilikuwa nikichorea watu vyumba vyenye madirisha yasiyofunguka, kiyoyozi kinavuma mchana kutwa, maua ya plastiki kwenye kona. Nikaapa kwamba nikipata mahali pangu patakuwa hai, pataingiwa na upepo na mwanga na hata mijusi ikitaka. Nikaitazama gereji ya baba, nikayaona yote kwa mara moja. Ukuta wa nyuma tuubomoe, tuweke dirisha kubwa la kutazama ziwa. Lile jiwe linaloingia ndani upande wa kulia, ambalo baba alilipiga lipu ili lisionekane, tulifunue libaki jiwe. Shimo alimokuwa akisimama chini ya magari ligeuke kidimbwi cha maji ya mvua, tupande mafunjo. Na kuta zote zisiribwe udongo, chumba kipoe, kisinuke saruji. Jamani, ilikuwa michoro mizuri! Mpaka leo ni mizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Ruhusa niliomba. Nilingoja siku ambayo kichwa chake kimetulia, nikamkuta gerejini na kitambaa chake.

"Gereji ni yako," akasema. "Mimi nimestaafu, si ndivyo mnavyosema? Ila spana zangu usizitupe."

"Siwezi kuzitupa, baba."

Na sikuzitupa. Nilizitengenezea kabati la mninga, lina droo nyembamba, kila droo imeandikwa namba ya spana kwa mwandiko wangu bora. Nilijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Pasiansi.

Mama alikuja kuliangalia lile kabati. Akafungua droo moja, akaifunga. "Na ule ukuta?"

"Spana zitakaa humu, mama."

"Nimeuliza ukuta."

"Mama, ukuta ni ukuta!" Nilimjibu hivyo, na sauti nilipandisha. Akanisonya, akarudi jikoni kwake.

Wa kusiriba nilimwita shangazi yangu kutoka Mkolani, mdogo wake baba. Huyu anajua udongo, alifundishwa na bibi tangu mtoto. Alikuja na udongo wa kichuguu kwenye kigari cha kirikuu, magunia ya mavi ya ng'ombe, na nyasi za kukatia humo. Aliposhuka alicheka mpaka akakaa chini.

"Hee! Yaani umesomeshwa mpaka kaka yangu akachakaa, umekuja kuishia kwenye mavi ya ng'ombe?"

"Shangazi, siku hizi ndiyo mtindo."

"Mtindo! Mama yetu angejua ni mtindo asingekuwa anaona aibu wageni wakija."

Akaupapasa ukuta wa kushoto, akaniambia udongo hautashika kwenye lipu laini namna ile, lazima udonolewe kwanza. Nikachukua tindo na nyundo za baba mwenyewe. Niling'oa misumari, kisha nikaanza kudonoa kutoka juu kushuka chini, siku tatu, kijani kinaniangukia kwenye nywele. Sikuajiri mtu. Nilitaka kuweza kusema nimeifanya kwa mikono yangu. Nilipofika chini pembeni mkono ulikuwa umevimba, nikaparazaparaza tu, nikasema itatosha.

Siku hizo baba tulimzuia ndani kwa ajili ya vumbi. Alikuwa anasimama kwenye dirisha la jikoni anasikiliza. Jioni moja aliniuliza, "Nani huyo anapiga tindo hivyo? Hana mkono."

Nikacheka. Nilimjibu kwamba ni fundi mgeni.

Shangazi aliposhika ukuta ilikuwa raha kumtazama. Anateka donge, analibamiza, analikokota kwa kiganja, na kila kiganja kinaacha upinde wake. Mama akaja akasimama mlangoni, mikono kifuani, hakuingia. Ndipo aliponiambia jambo ambalo alifikiri nalijua. Baba alizaliwa kwenye nyumba ya udongo. Alfajiri moja ya masika, akiwa mdogo, ukuta uliloa ukamwangukia bibi akiwa amepiga magoti anawasha moto, na bibi akachechemea mpaka anaingia kaburini. Baba alipopata kazi ya kwanza mjini alinunua saruji kabla hajanunua kitanda. "Alisema mwanawe hatalala kwenye tope," mama alisema. "Nawe umelibeba tope mpaka chumbani kwake."

"Kwa nini hamkuwahi kuniambia?"

"Ungeuliza," mama akasema. Shangazi aliendelea kusiriba, ila kicheko kilikuwa kimemwisha.

Ningeweza kusimama hapo. Ukuta ulikuwa umesiribwa nusu tu. Lakini kulikuwa na mama mmoja mwenye hoteli ya ufukweni, alikuwa anatafuta mtu wa kumbunia vyumba vyake vyote, na alisema atakuja kuona ninavyofanya kazi. Sikutaka aone ukuta wa nusu. Nikamwambia shangazi tumalizie.

Baba tulimwingiza siku ya nne baada ya kusiriba, udongo ukiwa bado na ubichi. Dirisha lilikuwa limefunguliwa, ziwa lote liko mbele yako na magugumaji yake. Lile jiwe limefunuliwa, na mjusi mmoja wa kichwa chekundu alikuwa ameshalipanda. Nilimshika baba mkono, nikisubiri sijui nini, labda anisifu. Alisimama kizingitini akavuta pumzi ya ile harufu. Kisha akainama akavua viatu. Baba yangu! Miaka yote hakuwahi kuvua viatu gerejini, alikuwa anaogopa vyuma.

Akaingia polepole, peku, akaniangalia.

"Shikamoo, mayu," akasema.

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Baba yako akikuamkia utasemaje? Hakuna aliyenifundisha, ni kitu kisichotokea.

"Itikia," shangazi akaninong'oneza. "Anasubiri."

"Marahaba," nikasema.

Tangu siku ile hakuniita tena jina langu. Nilimwonyesha kabati. Alifungua droo, akafunga, akafungua nyingine, kama mtu anayetafuta nguo kwenye nyumba ya wengine. Namba hazikumwambia kitu. Akachukua kumi na saba, akaifuta, akasimama nayo mbele ya ukuta wa udongo, akatembea nayo kutoka kona mpaka kona. Akarudi. Akatembea tena. Mwisho akaondoka nayo, akala nayo, akalala nayo.

Na wingu likitanda ziwani, ndipo balaa. Alikuwa anapapasa ukuta anatafuta nyufa, kisha ananivuta mkono. "Mayu, tutoke. Mvua inakuja. Tutoke, mayu." Nikimwambia ukuta una saruji nyuma, hauwezi kuanguka, ananitazama kwa macho ya mtoto anayeona mkubwa hasikii. Nilikuwa natoka naye. Tunakaa juu ya tairi lililobaki nje, tunaloa wote wawili, na kompyuta yangu ndani inawaka peke yake.

Mama aliniambia bila kupiga kelele. "Umemfukuza kwake."

Nilijibu nitaukwangua udongo wote, nitamrudishia spana zake. Nilimaanisha. Lakini nikasema ngoja kwanza mwenye hoteli aje, ni wiki mbili tu. Wiki mbili! Mtu anamsahau mtoto wake kila siku kidogo, nami namwambia angoje wiki mbili. Majuto ni mjukuu, tunaimba hivyo tangu shule ya msingi, na hakuna anayeamini mpaka amzae huyo mjukuu.

Mwenye hoteli alikuja. Alipapasa ukuta, akafumba macho, akasema anasikia amani humu ndani. Aliyapenda mafunjo, ingawa yalikuwa ya awamu ya tatu, ya awamu mbili za kwanza yalikufa kwa oili iliyojificha kwenye sakafu ya shimo. Baba alikuwa nje kwenye tairi. Yule mama aliuliza ni nani, nikasema ni mzee wetu, hajisikii vizuri. Kazi nilipata. Nilishangilia, sitaficha, nilimkumbatia shangazi nikaruka naye.

Siku iliyofuata nilishuka mjini, Mirongo, kununua karatasi na wino. Nikiwa dukani mvua ikaanza, ile inayotoka ziwani imesimama kama ukuta. Nilijua baba atakuwa ananitafuta anitoe. Nilirudi mbio. Mama alikuwa kwa jirani, mvua imemkamatia huko. Kwenye tairi hakuna mtu.

Nilimkuta ndani. Amepiga magoti chini pembeni, udongo umemjaa kifuani na kwenye nyusi. Alikuwa amekwangua kwa spana na kwa kucha, kucha mbili zinatoka damu, na mbele yake pana tundu kubwa kama sinia. Ndani ya tundu kuna weupe, na kwenye weupe kijani. Ile shingo iliyopinda. Mahali pekee ambapo nilichoka nikaparazaparaza.

Alikuwa ameiweka kumi na saba juu ya umbo lake, ameishikilia kwa kiganja, maana msumari hakuna.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Nipe msumari."

Nikatafuta msumari, nikatafuta nyundo ndani ya lile kabati langu la kijinga, droo baada ya droo, sikumbuki niliandika nini wapi. Nikaja nikapiga magoti karibu naye, nikaupigilia. Akaitundika. Akatoa mkono taratibu, akaangalia kama itakaa. Ilikaa.

"Hapa amechora mwanangu," akaniambia. Uso wake ulikuwa umefunguka, wa zamani kabisa, wa kuonyesha wateja. "Unaona hapo? Mkono ulimteleza. Mama yake alitaka tufute, nikakataa."

"Ni mimi, baba." Nikalitaja jina langu. "Ni mimi niliyechora."

Akacheka kidogo, kwa adabu, kama unavyomcheka mgeni aliyekosea nyumba.

"Hapana, mama. Wangu bado mdogo." Akanionyesha urefu kwa kiganja, kiunoni kwangu hakifiki. "Yuko kwa jirani, anacheza. Mvua hii, sijui wamemwingiza ndani?"

Nililia mbele yake, naye akanipa kitambaa chake cha dizeli nijifute.

Mvua ilipokatika niliukwangua ukuta mzima, siku mbili, shangazi akinisaidia. Hapakuwa na kitu chini yake. Niliudonoa vizuri mno, kila nyundo na kila bisibisi vimegeuka vishimo vya tindo. Nilijaribu kuchora upya, nikazishika spana moja moja nikazungusha penseli, mistari ikatoka safi, mizuri, ya mtu aliyesoma. Baba aliitazama, akaondoka, hakutundika hata moja.

Nafanya kazi humo mpaka leo. Mafunjo yameshika, ndege wanaingia kunywa, wateja wanapiga picha dirishani. Wananiuliza kuhusu spana moja iliyotundikwa chini pembeni mwa ukuta uliochubuka, nami nawaambia ni pambo.

Asubuhi baba anakuja baada ya chai. Anaishusha, anaifuta, anairudisha, na kazi yake ya siku imekwisha. Namwamkia, ananiitikia vizuri. Kabla hajatoka huwa ananiuliza kama nimemwona mwanawe huko njiani nilikopita, maana amechelewa kurudi. Namwambia nimemwona, anakuja.